Swali la mwisho lisiwe mtego: barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni na wasimamizi wa utangazaji

Kwa wakurugenzi wa vituo vya televisheni vya Tanzania na Kenya. Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Na kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania.

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu swali moja tu, lile la mwisho katika mashindano ya chemsha bongo ya televisheni. Mnalijua. Taa hupunguzwa, muziki hubadilika, mtangazaji hushusha sauti, na nyumba nzima hunyamaza. Mshiriki anaweza kuwa amejibu yote yaliyotangulia bila kukosea, lakini ataondoka na fedha au na mikono mitupu kwa hilo moja.

Ombi langu ni hili. Swali hilo liwe gumu kadiri mtakavyo, kwani ugumu ndio raha yake. Ila liwe la haki, na pale anayekosea anapokuwa ni mtungaji mwenyewe, mshiriki awe na mahali pa kukata rufaa. Katika mashindano mengi ya kwetu ninayoyatazama, sijaona mahali hapo.

Nilifundisha Historia sekondari hadi nilipostaafu, na mmoja wa wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho alifika fainali ya mashindano ya shule yaliyorushwa na kituo ambacho sitakitaja, maana sitaki kumwaibisha mtu. Swali la kuamua mshindi liliulizwa hivi: nani alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika mwaka 1962? Kijana akafikiri kidogo, akajibu Rashidi Kawawa. Mtangazaji akaitazama kadi yake, akampa pole, akasema jibu ni Julius Nyerere. Makofi yakaenda upande wa pili.

Sasa tazameni. Nyerere alikuwa waziri mkuu siku ya uhuru, tarehe 9 Disemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 alijiuzulu ili akakiimarishe chama cha TANU, na Kawawa akashika nafasi hiyo mpaka Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Disemba mwaka huohuo. Mwaka ule ulikuwa na mawaziri wakuu wawili, mmoja kwa wiki tatu za mwanzo, mwingine kwa zaidi ya miezi kumi. Aliyenyimwa pointi ni yule aliyemtaja mwenye miezi kumi.

Mzazi wake alipopiga simu kituoni alijibiwa kwamba uamuzi wa waamuzi ni wa mwisho. Maneno haya yamo katika kanuni za karibu kila shindano, nami siyapingi. Mchezo hauwezi kuendelea ikiwa kila jibu litabishaniwa hadi usiku wa manane. Lakini waheshimiwa, ili uamuzi uwe wa mwisho lazima kwanza pawe na uamuzi. Siku ile hakuna aliyeketi, aliyesikiliza wala aliyefungua kitabu. Palikuwa na kadi iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwepo, na mtangazaji aliyeisoma kama ilivyo. Kijana alihukumiwa na karatasi.

Swali kama lile linatibika kwa neno moja. Ongezeni mwezi: nani alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika mwezi Juni 1962? Hapo jibu linabaki moja tu, Kawawa, na swali linazidi kuwa gumu, kwa sababu wengi watakimbilia kwa Nyerere bila kukumbuka kwamba alikuwa ameshaondoka ofisini. Mara nyingi usahihi huo huo ndio unaoleta ugumu mnaoutafuta. Ni jambo ambalo watunga maswali wetu wengi hawajalishika.

Walioanza mchezo huu mapema walijifunza hilo, wakati mwingine kwa aibu kubwa. Tarehe 20 Novemba 2000, huko Uingereza, Judith Keppel alikuwa mtu wa kwanza kushinda pauni milioni moja katika Who Wants to Be a Millionaire?, mchezo ulioanza kurushwa mwaka 1998 ukiongozwa na Chris Tarrant. Swali lake la kumi na tano, lile la mwisho, lilikuwa: mfalme yupi alimwoa Eleanor wa Aquitaine? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: Henry wa Kwanza, Henry wa Pili, Richard wa Kwanza na Henry wa Tano. Jibu ni Henry wa Pili.

Naliona swali hili kuwa limetungwa na fundi, na nitaeleza kwa nini. Eleanor aliolewa na wafalme wawili. Kabla ya Henry alikuwa mke wa Louis wa Saba wa Ufaransa, ndoa iliyovunjwa mwaka 1152. Laiti mtunzi angeuliza wazi bila kuweka majibu ya kuchagua, swali lingekuwa na majibu mawili ya kweli, kama lile la 1962. Majibu yale manne yalimtoa Louis nje ya uwanja. Kisha Richard wa Kwanza hakuwekwa pale kwa bahati. Ni mwana wa Eleanor mwenyewe, kwa hiyo mwenye elimu ya nusu, anayekumbuka kwamba majina haya mawili hutajwa pamoja, atavutwa huko. Mwenye elimu kamili hatavutwa. Mtego upo, lakini unamnasa asiyejua na kumwacha anayejua apite. Na aliyekosea pale angeshuka kutoka pauni 500,000 alizokwisha kuzipata hadi 32,000, kwa hiyo maneno yalipaswa kupimwa kama dhahabu.

Ushindi ule haukupita bila maneno. Ulirushwa usiku ambao BBC ilikuwa inaonyesha kipindi cha mwisho cha tamthilia iliyopendwa sana, na watu wakalalamika kwamba ITV, kituo kilichorusha Millionaire, ilikuwa imepanga mshindi apatikane siku ile. Msimamizi wa utangazaji wa wakati huo akapokea malalamiko, akayachunguza, akaona hapakuwa na udanganyifu, akatangaza hivyo. Malalamiko hayakuwa na msingi, na bado yalijibiwa. Nawaomba wasimamizi wetu waliangalie hilo kwa makini.

Mfano mwingine ninaoupenda unatoka Marekani, kwenye Jeopardy!, mchezo ulioasisiwa na Merv Griffin mwaka 1964. Kule swali la mwisho lina utaratibu wake. Washiriki huambiwa mada tu, na kila mmoja huandika kiasi atakachoweka rehani kabla hajalisikia swali lenyewe. Mwaka 2004 Ken Jennings alishinda michezo 74 mfululizo na kukusanya dola 2,520,700. Katika mchezo wa 75, uliorushwa tarehe 30 Novemba, alifika mwisho akiwa na dola 14,400 na mpinzani wake Nancy Zerg akiwa na 10,000. Mada ilikuwa biashara na viwanda. Swali likasema: wengi wa wafanyakazi 70,000 wa msimu wa kampuni hii, wafanyakazi wa ofisini, hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Ni kampuni gani?

Jennings akaandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Jibu lilikuwa H&R Block, kampuni ya kuandaa hesabu za kodi za watu binafsi. Zerg aliipata, akamaliza na dola 14,401 dhidi ya 8,799, na safari ya Jennings ikaishia hapo.

Rudini mlisome swali lile polepole. Kila kitu kimo ndani. Maneno "ya msimu" yanakupeleka kwenye Krismasi na vifurushi, na ndiko alikokwenda Jennings. Lakini "wafanyakazi wa ofisini" yanakurudisha, maana wabeba vifurushi si watu wa ofisini. Na "miezi minne" yanamaliza kazi, kwa sababu Mmarekani yeyote anajua kwamba kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili watu wanahangaika na fomu za kodi. Huhitaji kuwa umewahi kusoma habari za kampuni ile. Unahitaji kusikiliza kila neno kwa utulivu, huku moyo unakwenda mbio. Jennings hakulalamika, na hakuwa na sababu ya kulalamika. Alishindwa na swali safi.

Hata mashine ilikwama mahali kama hapo. Februari 2011 kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilipambana na Jennings na Brad Rutter. Katika mchezo wa kwanza, mada ya swali la mwisho ilikuwa miji ya Marekani, na swali likataka mji ambao uwanja wake mkubwa wa ndege umepewa jina la shujaa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na wa pili kwa ukubwa umepewa jina la pambano la vita hivyo. Binadamu wote wawili waliandika Chicago, nalo ndilo jibu sahihi. Watson ikaandika Toronto, mji wa Kanada, tena na alama za kuuliza nyingi mbele yake. Ilikuwa imeweka rehani dola 947 tu, ikashinda mashindano hata hivyo. Lakini kwa mtunga maswali somo liko wazi. Swali lililotungwa kwa akili hutenganisha kumbukumbu na kufikiri, na watazamaji hukaa chini kutazama utengano huo.

Wala hatuna sababu ya kuona haya ni mambo ya kujifunza ughaibuni peke yake. Sisi tuliokulia kwenye vitendawili tunaijua kanuni hii tangu utotoni. Bibi alisema "Kitendawili!", tukajibu "Tega!", akatega: nyumba yangu haina mlango. Tukijaribu na kushindwa, alidai mji, tukampa mji, akaujengea sifa zake zote ndipo akatoa jibu: yai. Na likitoka, kila mtoto aliona kwamba lilikuwa mle ndani ya maneno muda wote. Kama bibi angesema jibu ambalo maneno yake hayalibebi, tungempigia kelele, na wakubwa waliokaa pembeni wangetuunga mkono. Pale barazani palikuwa na waamuzi. Huo ndio utaratibu ninaouomba studioni.

Yako maswali yanayorudi kila mwaka katika vipindi vyetu ambayo yangekataliwa barazani. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi? Kwa eneo ni Victoria. Kwa wingi wa maji ni Tanganyika, tena kwa zaidi ya mara sita, maana kina chake kinafika karibu mita 1,470. Mtunzi hakusema ukubwa wa nini. Tanzania ilianza lini? Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Je, unauliza nchi au jina? Mji mkuu wa Tanzania mwaka 1985 ulikuwa upi? Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, serikali ikaendelea kufanya kazi zake Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, na sheria ya kuitangaza Dodoma ikatungwa mwaka 2018. Mshiriki atajibu nini hapo, na mwenye kadi atamkata kwa kigezo gani?

Makosa ya aina hii yanampata kila mtu. Mwaka 1999 huko huko Uingereza, mshiriki wa Millionaire aliulizwa idadi ndogo kabisa ya mipigo ambayo mchezaji wa tenisi anaweza kushindia seti moja. Akasema 24, na kadi ikasema 24: michezo sita, mipigo minne kila mmoja. Watazamaji wakaanza kupiga simu. Katika seti ya michezo sita mchezaji huanzisha yeye michezo mitatu tu, na ile mingine mitatu anaweza kuipata bila kugusa mpira ikiwa mpinzani wake atakosea kila anapoanzisha. Jibu sahihi ni 12. Kituo kilikiri kosa, na mshiriki akaachiwa fedha zake, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Upande wa pili wa jambo hilo ulitokea Marekani mwaka 2001. Mshiriki wa Millionaire ya kule alitolewa kwa swali la mmea ambao wanasayansi waliubadilisha vinasaba ili ung'ae unapohitaji maji. Baadaye ikabainika kwamba swali lilikuwa na kasoro. Waandaaji wakamwita tena, akaketi, akaendelea alipoishia, na akaondoka na dola milioni 1.86. Hebu fikirini. Kama kule nako wangemjibu kwamba uamuzi wa waamuzi ni wa mwisho, mtu yule angebaki na kinyongo maisha yake yote, nao wangekosa mojawapo ya jioni bora kabisa za kipindi chao. Kukiri kosa kuliwapa heshima na watazamaji pia.

Najua baadhi yenu mtasema haya ni mambo madogo, kwamba ni burudani tu. Wamarekani nao walisema hivyo miaka ya 1950. Mchezo wa maswali wa Twenty-One ulianza kwenye kituo cha NBC mwaka 1956. Herbert Stempel alikuwa akishinda wiki hata wiki, mpaka waandaaji walipoona anafaa kuondoka ili apishe sura mpya, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia aitwaye Charles Van Doren. Stempel akaagizwa akosee swali kuhusu filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoipenda na kuitazama zaidi ya mara moja. Alilijua, na mbele ya taifa zima akataja filamu nyingine. Van Doren, aliyekuwa akipewa majibu kabla ya kipindi, aliendelea hadi akakusanya dola 129,000 na picha yake ikapamba magazeti.

Stempel aliposema ukweli hakusikilizwa mwanzoni. Ilichukua hadi tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alipokiri mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka 1960 sheria ya mawasiliano ikarekebishwa, na tangu hapo kumpa mshiriki majibu kwa siri au kupanga matokeo ya shindano la maarifa kwa nia ya kuwadanganya watazamaji ni kosa la jinai Marekani. Mtu aliyekaa nyumbani na kumshangilia Van Doren hakupoteza hata senti. Alipoteza imani. Ndiyo maana nawaandikia wasimamizi pamoja na wenye vituo.

Udanganyifu unaweza kutoka upande wa mshiriki pia. Septemba 2001 meja mmoja wa jeshi la Uingereza alifika swali la pauni milioni katika Millionaire, lililouliza namba yenye moja ikifuatiwa na sufuri mia moja inaitwaje. Jibu ni googol. Alilipata, lakini mikanda iliposikilizwa tena kukasikika kikohozi kila alipotaja jibu sahihi kwa sauti. Fedha zilizuiwa, na mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani yeye, mkewe na mshiriki aliyekohoa. Kwa hiyo sisemi waandaaji walegeze ulinzi. Nasema ulinzi uwe wa pande zote mbili.

Kuna jambo la fedha ambalo lazima niliguse, ingawa najua halitapokelewa vizuri. Vituo vingi siku hizi huweka swali la mwisho mikononi mwa watazamaji: tuma jibu kwa ujumbe mfupi, ujumbe unakatwa salio zaidi ya kawaida, mshindi atatangazwa mwisho wa kipindi. Maswali ya namna hii huwa na magonjwa mawili yanayopingana. Ama ni mepesi mno, kiasi kwamba kila mtu anatuma na mshindi anapatikana kwa bahati nasibu iliyovaa joho la maarifa. Ama jibu limefichwa mahali ambapo akili haifiki.

Uingereza walilipitia hili. Kipindi kimoja cha kupiga simu kiliwataka watazamaji wataje vitu vinavyopatikana kwenye mkoba wa mwanamke. Miongoni mwa majibu yaliyowekwa kilikuwamo kile kipande cha plastiki kinachotiwa ukutani ili kushika skrubu, na ile kofia inayofunika uso mzima yakabaki macho. Watu walipiga simu na kulipia, na nani angeotea hayo? Msimamizi wao, Ofcom, akaamua mwaka 2007 kwamba shindano lile halikuwa la haki. Mwaka huohuo akakitoza kituo cha GMTV faini ya pauni milioni 2 kwa sababu watu walikuwa wakitozwa fedha za kushiriki ilhali watakaochaguliwa walikuwa wameshapatikana, na mwaka 2008 akaitoza ITV pauni milioni 5.675 kwa makosa ya jamii hiyo. Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha na mamlaka zetu za mawasiliano zina nguvu ya kuuliza maswali hayo hayo: swali lilitungwa na nani, jibu lilitiwa muhuri lini, laini zilifungwa saa ngapi, na mshindi alichaguliwa saa ngapi? Mama lishe anayekatwa salio lake ana haki ya kujua hayo manne.

Kisha lugha. Nimeona fainali za wanafunzi ambamo raundi za mwanzo zinachanganya Kiswahili na Kiingereza, na likifika swali la mwisho linaulizwa kwa Kiingereza kirefu chenye vishazi vitatu, mara moja tu, kwa kasi. Hapo tunapima sikio la mtoto badala ya maarifa yake. India waliuchukua mchezo ule ule wa Uingereza, wakauita Kaun Banega Crorepati, wakauweka kwa Kihindi, na tangu Julai 2000 Amitabh Bachchan akauongoza kwa lugha ambayo hata asiyesoma aliifuata. Mshindi wa kwanza wa rupia milioni kumi, Harshvardhan Nawathe, aliulizwa mwaka huohuo swali kutoka katiba ya nchi yake: ni nani kati ya hawa anaruhusiwa na katiba kushiriki shughuli za Bunge? Jibu, Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2011 Sushil Kumar wa Motihari katika jimbo la Bihar, aliyekuwa akilipwa rupia 6,000 kwa mwezi kwa kazi ya kompyuta, alishinda rupia milioni 50 kwa swali la mkoloni aliyewauzia Waingereza Visiwa vya Nicobar mwaka 1868. Jibu, Denmark. Maswali yote mawili ni magumu, yote ni ya kwao, na yote yalieleweka na kijiji kizima.

Historia yetu haijapungukiwa na maswali ya kiwango hicho. Mwezi Juni 1964 Jomo Kenyatta alikuwa na cheo gani? Wengi watasema rais, lakini Kenya ilikuwa bado haijawa jamhuri. Alikuwa waziri mkuu hadi tarehe 12 Disemba mwaka huo. Siku Zanzibar inapata uhuru, tarehe 10 Disemba 1963, waziri mkuu wake alikuwa nani? Watu watamkimbilia Karume, kumbe ni Mohammed Shamte. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, nani alimfuata kwa kushika nafasi ya pili? Mashabiki wa Kenya watamtaja Ben Jipcho, aliyeshika nafasi ya tatu. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand. Kila moja kati ya haya lina jibu moja tu, lina kishawishi chake cha kweli, na likitangazwa halimwachi mtu akisema ameonewa.

Ninachoomba kitekelezwe si kikubwa. Kila swali la raundi ya mwisho lipitiwe na watu wawili wasiomjua aliyelitunga, na kila mmoja atafute jibu lake mwenyewe kabla hajaonyeshwa la kwenye kadi. Wakitofautiana, swali litupwe. Chanzo cha jibu kiandikwe nyuma ya kadi. Siku ya kurekodi awepo mwamuzi mwenye ujuzi wa somo, akae pale pale studioni, awe na mamlaka ya kusimamisha kipindi. Kanuni zitoe muda wa kukata rufaa, tuseme siku saba baada ya kipindi kurushwa, na zisomwe hewani kwa Kiswahili. Na rufaa ikikubaliwa, mshiriki arudishwe kitini aendelee, au alipwe kama aliyejibu sawasawa, bila kumnyang'anya mpinzani wake aliyeshinda kwa nia njema. Kwa Mamlaka zote mbili, naomba haya yaingie katika masharti ya mashindano yote yenye zawadi, na malalamiko yakiletwa yajibiwe kwa maandishi hata kama hayana msingi.

Mtasema gharama. Walimu waliostaafu wa Historia, Jiografia, Sayansi na Kiswahili wamejaa kila wilaya, watu waliotunga mitihani maisha yao yote na wanaojua swali lenye majibu mawili linavyomtesa mtoto. Wengi watakuja kwa nauli na chakula cha mchana. Mimi ni mmoja wao, na wenzangu watano wa hapa wilayani wamekubali. Mkitutumia maswali ya msimu ujao mwezi mmoja kabla ya kurekodi, mtayapata yamepitiwa yote, kila moja na chanzo chake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Muheza, Tanga